Vidole vya Kerubo

Mimi niliacha shule darasa la sita, na baada ya hapo nimeajiri watu wenye digrii. Sijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wewe kijana unayesoma hapa utataka kujua kama huyu anayekushauri ana haki ya kukushauri. Ninayo. Nina nyumba ya ghorofa Mosocho, nina vyumba vya kupangisha Ikonge, na nina shamba la chai ambalo majirani wakilifikia hupunguza mwendo. Yote hayo yalitoka kwenye meza moja iliyokuwa karibu na geti la kiwanda cha chai upande wa Nyamira. Kila aliyekuja kutafuta kazi nilimwuliza mambo mawili: wewe ni nani, na nani anasema hivyo?

Niliingia pale nikibeba magunia ya majani mabichi. Nikatoka nikiwa msimamizi wa kuajiri. Watu walinibandika jina la Bwana Kipande, kwa sababu hakuna aliyepita mbele yangu bila kutoa kitambulisho chake. Mke wangu alisema hilo ni jina la dharau. Nikamwambia mtu ambaye hana maana hapewi hata jina.

Nilistaafu mapema, kwa hiari yangu, kwa sababu nilikuwa na mahali pa kwenda. Meza yangu wameichukua vijana wawili wenye kompyuta. Juzi mmoja wao alinipigia simu.

"Mzee, kuna mama hapa mashine imekataa kidole chake. Tumwambie aende?"

"Amekaa?"

"Hapana, amesimama."

"Mpe kiti kwanza. Nitakuandikia."

Kwa hiyo naandika, na kwa kuwa nimeshika kalamu, wasome na wengine.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa karani mmoja anaitwa Mzee Obure, mtu mwembamba aliyevaa koti moja mvua na jua. Yeye alisema: "Tazama mtu, halafu tazama kadi, halafu urudi kwa mtu. Wengi wanatazama kadi, wanarudi kwa kadi." Hakuwahi kumwuliza mtu tarehe ya kuzaliwa. Tarehe mtu anaikariri akiwa njiani. Yeye aliuliza hivi: "Naibu wa chifu wa kwenu ni nani?" Mwenye kadi yake halali alijibu akikunja uso, kwa sababu hakuna mtu anayempenda naibu wa chifu wake. Mwenye kadi ya kuazima alijibu akitabasamu.

Nilitumia njia hiyo mpaka nilipostaafu na haikuniangusha. Zile zangu mwenyewe ndizo ziliniangusha, mwanzoni.

Kama ile ya Kiswahili. Mnajua Kiswahili chetu huku. Tunakivaa tukienda mjini, tukirudi nyumbani tunakivua. Sasa siku moja akaja fundi anaitwa Idi, amevaa kofia ya kufuma, akasimama mbele ya meza yangu akasema: "Shikamoo mzee. Nimekuja kuulizia ile nafasi ya fundi wa mitambo, ikiwa bado ipo."

Nikaweka kalamu chini. Mtu wa Kisii hasemi "ikiwa bado ipo." Nikajua huyu ametoka Tanzania, na nikajipongeza kimoyomoyo kwa kumnasa mapema hivyo.

"Leta kibali cha kazi," nikamwambia.

"Kibali cha kutoka wapi kwenda wapi, mzee?"

"Cha mgeni."

Akaweka kitambulisho mezani. Mzaliwa wa Kisii mjini. Halafu akabadilisha lugha, akaniongelesha Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kilichonyooka kuliko changu, akaniambia babu yake alikuja na biashara ya vitambaa akaoa hapa hapa, na baba yake naye akaoa hapa hapa. Akanitajia ukoo wa mama yake. Ulikuwa ukoo wangu. Kwa hesabu ya kwetu, mimi nilikuwa mjomba wake, na mjomba ndiye alikuwa anamfukuza kwao.

Nilimwajiri. Alikuwa fundi mzuri, na kwa miaka yote aliyokaa pale alinisalimia "Shikamoo mjomba" kwa sauti ambayo hata wa kwenye boila walisikia. Mzee Obure aliniambia neno moja tu: "Sheria inauliza karatasi. Haiulizi lafudhi." Kwa hivyo shikeni hili. Swali unalomwuliza mmoja, waulize wote. Mgeni kweli anahitaji kibali, na ukimwajiri bila kibali mnaingia matatani wewe na yeye. Lakini huwezi kumjua mgeni kwa kofia wala kwa Kiswahili kizuri. Na kadi ya mtu ukishaitoa nakala, mrudishie yake hapo hapo. Usiifungie kwenye droo. Si yako.

Lingine ni la kadi za kuazima. Kwetu mtoto anapewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na mzee akiwa na watoto wengi, wajukuu wanaojibu jina lake wanajaa boma. Walikuwepo Nyabuto wawili, mtu na binamu yake, wote wamepewa jina la babu mmoja. Nyabuto mkubwa alikuwa na kitambulisho. Nyabuto mdogo hakuwa amefika umri. Mkubwa akampa mdogo kadi, mdogo akaja kazini, karani wa zamu akaandika Nyabuto, kila mtu akafurahi.

Mdogo akakatwa kidole na mashine. Akalazwa. Wiki hiyo hiyo mkubwa akashikwa na malaria, akaenda hospitali ile ile, akatoa jina na namba.

Muuguzi akatazama kwenye kompyuta, akamtazama yeye. "Wewe umelazwa ghorofa ya juu. Umekatika kidole."

Nyabuto akahesabu vidole vyake mbele yake. Vyote vipo. Haikusaidia. Alirudi nyumbani na malaria yake, na yule wa juu mwenye kidole kilichokatika alikaa muda mrefu bila fidia, kwa sababu kwa karatasi aliyeumia ni mtu mwenye vidole kumi. Babu aliwaachia jina. Kitambulisho hakuwaachia.

Ndiyo maana sikuwa nacheka na jambo hili. Watu walidhani naringa. Shemeji yangu wa Magwagwa alikuja bila kadi, akiwa na kuku. Nilimrudisha na kuku wake. Mke wangu alinipikia mboga tupu kwa muda ambao sitautaja.

Sasa nifike kwa Kerubo, ambaye ndiye hasa nilitaka kuwaambia habari zake.

Alikuja wakati wa kiangazi, majani yakiwa machache na kiwanda kikinguruma nusu nusu. Meneja alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kudumu kwenye chumba cha kuchambua chai. Kazi ya kudumu, si ya msimu. Walijaribiwa wengi na Kerubo akawapita wote. Alikuwa na jicho la kuona kijiti kimoja kwenye lundo la chai kama mama anavyoona chawa. Alikuwa na watoto watatu. Mume wake, Makori, alikuwa mchongaji wa mawe, na wanunuzi wa mawe walikuwa wameacha kuja. Nafasi ile kwao ilikuwa ada ya shule, mabati na chumvi.

Nikanyoosha mkono. "Kadi."

Akanipa karatasi ya kungojea, ile ya kuonyesha umeomba kitambulisho.

"Hii ni ya kungojea. Yenyewe iko wapi?"

"Ililiwa, Omogaka." Omogaka kwetu ni mzee wa heshima. Alikuwa mtu wa adabu.

"Ililiwa na nani?"

"Na ndama. Nilianika nguo kwenye ua, kadi ikiwa mfukoni."

"Na polisi ulienda?"

"Nilienda. Askari akaniambia niandikishe kuwa imepotea. Nikamwambia haijapotea, najua mahali iko. Akaniuliza kama nataka amkamate ndama."

Sikucheka. Kwenye meza ile ukicheka na mmoja, wa nyuma anadhani bei imeshuka.

Akaniambia ameenda ofisi ya usajili mara mbili. Mara mbili wamempaka wino, wamechukua alama za vidole, na mara mbili majibu yamerudi kwamba alama hazisomeki, aje tena. Nilikuwa na pedi ya wino mezani kwa wale wasiojua kutia sahihi. Nikamwambia aweke dole gumba, halafu akandamize kwenye karatasi.

Kidole cha mtu kina mistari kama shamba la mteremkoni lililolimwa matuta. Cha Kerubo kiliacha doa jeusi tu, laini, kama ukuta uliopigwa plasta. Tukajaribu cha pili. Plasta. Vyote kumi, plasta.

Nikaacha karatasi nikamtazama mtu.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Tabaka."

Basi. Hakuhitaji kuendelea. Tabaka ndiko kunakochimbwa lile jiwe laini ambalo wanaume wanachonga sanamu za viboko na sahani, na wanawake wanaketi na beseni la maji wanasugua kwa msasa mpaka jiwe ling'ae. Msasa haujui jiwe limeishia wapi na kidole kimeanzia wapi. Kerubo alianza kusugua akiwa msichana, akaolewa na mchongaji, wakahamia Ikonge, beseni likahamia nao.

"Dada yangu ana kadi," akasema kwa sauti ya chini. "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Tunafanana kabisa. Ameniambia nitumie yake."

Nikamsimulia habari ya Nyabuto. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakutaja dada tena.

Nikaenda kwa meneja. Meneja alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa mtu wa kungoja. Akasema: "Huyo mama namtaka. Namshikia nafasi mpaka mvua. Majani yakijaa na hana kadi mkononi, namchukua anayefuata. Hapo usinibembeleze."

Sasa vijana, hapa ndipo wengi wenu mngemwambia mama wa watu, "Rudi ukiwa na kadi," mkaita anayefuata. Ni halali kabisa kusema hivyo. Lakini mimi niliona kwamba huyu ni raia, ni mtu mzima, anaruhusiwa kufanya kazi kuliko hata mimi, ila anayetakiwa kumsemea ni kidole, na kidole kimenyamaza. Jioni nikapitia kwao.

Makori alikuwa amekaa nje anachonga kiboko. Kerubo alikuwa ameinama kwenye beseni, anasugua kiboko cha jana.

"Acha hiyo," nikamwambia Kerubo. Nikamgeukia mume. "Makori, mke wako hana vidole."

Makori akatazama. "Naviona kumi."

"Serikali haivioni."

Nikamweleza. Ngozi ya kidole ikipumzika, mistari inarudi yenyewe. Hilo nililijua kwa wabeba magunia wenzangu, mikono ilikuwa inachubuka msimu wa majani na kupona wakati wa kiangazi. Lakini ya Kerubo haikuwa inapata kiangazi. Asubuhi jembe, mchana jiwe, jioni sufuria na waya wa kusugulia. Siku ya Sabato ngozi inajaribu kuota kidogo, Jumapili wanaikwangua tena.

"Kwa hivyo asishike jiwe," akasema Makori. "Sawa. Nitatafuta mtu wa kusugua."

"Asishike jiwe, asishike jembe, asishike sufuria, asifue, asimenye ndizi. Apake mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni, na akae."

"Akae?"

"Akae."

"Na nani atafanya hizo kazi zote?"

Mzee Obure alinifundisha nitazame mtu, nikamtazama.

"Omogaka," akasema, "mimi ni mwanamume."

"Sikukuuliza kadi yako."

Wale mnaotoka huku mnajua nilikuwa nimemwomba nini. Mwanamume wa kwetu mwenye boma haingii jikoni. Hata kuchutama karibu na mafiga kunamwondolea kitu ambacho hakina jina, lakini kila mtu anaona kimetoka. Makori alizungusha kile kiboko mkononi. Halafu akakiweka chini.

"Mpaka mvua?"

"Mpaka mvua."

Siku aliyoanza, mama yake, ambaye nyumba yake iko juu kidogo kwenye boma lile lile, alisikia sufuria ikisuguliwa kwa nguvu ambayo si ya mwanamke. Akashuka. Akamkuta mtoto wake wa kwanza amechutama, sufuria katikati ya magoti, masizi mpaka kwenye kiwiko. Kerubo mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Kerubo ni mgonjwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Amejifungua na sikuambiwa?"

"Hapana."

"Basi ameenda wapi?"

"Yuko pale. Amekaa."

Kerubo alikuwa kwenye kigoda kivulini, mikono yake imepakwa mafuta, ameiinua mbele yake kama mtu anayengoja ikauke.

"Anangoja nini?"

"Anangoja vidole vyake."

Mama mkwe akageuka akapanda kwake. Alikaa siku nyingi hashuki. Alituma ujumbe mmoja tu kupitia kwa mjukuu: kwamba chinsaga, zile mboga zetu chungu, haziliwi bila kulazwa kwenye maziwa, na kwamba harufu ya anachopika baba yenu inafika huku juu.

Sokoni Ikonge walikuwa wanamngoja.

"Makori, leo kuna nini kwa sufuria?"

"Mwacheni, amekaliwa na mke huyo!"

"Wewe, mke wangu anauliza unakodishwa siku ngapi."

Akaja kwangu amewaka. "Omogaka, wananiita Mama Makori! Mbele ya wauza mbuzi!"

"Mimi wananiita Bwana Kipande," nikamwambia. "Mke wako amelala na mafuta?"

"Amelala na mafuta."

"Basi nenda, giza linaingia na hujawasha moto."

Kila mara Kerubo alipopita kiwandani nilimwekea dole gumba kwenye karatasi. Kwanza plasta. Halafu mstari mmoja pembeni, kama njia ya panya. Halafu miwili, mitatu. Nilifurahi kama mtu anayeona mahindi yake yakichipua. Siku moja nikakandamiza, nikaona mistari imekatika katikati.

"Kerubo, umefua."

Akainamisha kichwa. "Shati la kanisani tu, Omogaka. Yeye alilifua likatoka na rangi ya udongo. Angeenda nalo vipi mbele ya watu?"

"Aende nalo hivyo hivyo. Mungu anajua lilikuwa jeupe."

Makori alienda kanisani na shati la udongo. Waumini walimtazama, mchungaji akamtazama, na yeye akawa anatazama kitabu cha nyimbo. Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu mnadhani karatasi za mtu zinatengenezwa ofisini.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Mistari ilipotimia nilimpeleka Kerubo mwenyewe ofisi ya usajili, kwa gari langu, ambalo wakati huo lilikuwa gari pekee katika barabara yetu lenye viti vya ngozi. Afisa akapaka wino, akakandamiza kimoja kimoja, akainua karatasi kwenye dirisha. "Hizi ni nzuri," akasema. "Ulikuwa unafanya nini siku zile nyingine?" Kerubo akasema alikuwa anafanya kazi.

Lakini alama nzuri si kadi. Kadi ina safari yake ya kwenda na kurudi. Na mvua ikaja kabla yake.

Ilinyesha kama ilikuwa na hasira. Majani yakafura, malori yakapanga foleni mpaka nje ya geti. Meneja akaja kwangu. "Anayefuata anakuja kesho asubuhi," akasema, akaenda. Alikuwa amesema nisimbembeleze, sikumbembeleza. Nikapiga simu ofisi ya usajili. Wakasema kadi za Ikonge zimetoka kitambo, zilikabidhiwa kwa naibu wa chifu awagawie wenyewe.

Nikampigia Makori. Tukakutana na yeye na Kerubo nyumbani kwa naibu wa chifu, mvua inatuchapa. Naibu alikuwa amekaa ndani anakunywa chai. Kadi zilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, zimefungwa mpira, naziona kwa macho.

"Kadi zitatolewa barazani," akasema.

"Baraza ni lini?" nikauliza.

"Mvua ikiisha."

Nikamweleza kwa heshima. Nikamweleza tena kwa heshima kidogo zaidi. Nikataja hata ghorofa yangu. Akamimina chai. Akasema utaratibu ni utaratibu, na mimi, Bwana Kipande, mtu wa utaratibu kuliko wote Nyamira, nikasikia maneno yangu mwenyewe.

Makori alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka. Akaingia.

Naibu akamtazama. "Wewe ndiye yule anayepika?"

Nikasema kimoyomoyo, sasa tumekwisha.

"Ndiyo mimi," akasema Makori. "Nimepika tangu kiangazi. Nimefua, nimesonga ugali, nimesugua sufuria, nimeimbwa mpaka sokoni. Na leo sijapika. Watoto wamekaa na njaa, na mimi siondoki hapa. Tutalala hapa hapa kwako. Toa kadi."

Hakupaza sauti. Mke wa naibu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, anamtazama Makori kama mtu anayetazama ng'ombe wa maonyesho. Halafu akamtazama mume wake. Ni ule mwiko uliomshinda, nadhani, si sisi. Naibu akatoa zile kadi, akalegeza mpira, akatafuta. Akamletea Kerubo daftari aweke dole gumba kuonyesha amepokea. Likaacha alama yenye matuta ambamo mtu angeweza kupanda viazi.

Asubuhi, yule anayefuata alikuja, nikampa kiti. Kerubo alikuwa amemtangulia. Nikatazama mtu. Nikatazama kadi. Nikarudi kwa mtu.

"Naibu wa chifu wa kwenu ni nani?"

Kerubo akakunja uso.

Nikamwajiri.

Miaka ikapita, kiwanda kikaleta mashine ya vidole getini. Kila mwajiriwa, wa zamani au mpya, lazima isome kidole chake kwanza, na asiyesomwa hana zamu. Kerubo alipita siku ya kwanza bila shida. Karibu na kustaafu kwangu ikatokea nafasi ya mpishi kwenye mkahawa wa wafanyakazi. Walikuja wengi. Mmoja alikuwa Makori. Alikuwa hajaacha jikoni tangu kile kiangazi, kwa sababu Kerubo alikuwa kazini na mtu alilazimika kupika. Aliweka chinsaga mezani, meneja akala, akaomba nyingine. Hata wale wa sokoni waliomwita Mama Makori walikuwa wanakuja kwake siku za harusi kumwuliza maziwa ni kiasi gani.

Nikatazama mtu, nikatazama kadi, nikarudi kwa mtu. Kila kitu sawa. Nikampeleka getini, nikamwambia aweke kidole.

Mashine ikakataa. Akajaribu kingine. Ikakataa vyote. Nikashika mkono wake nikaugeuza. Plasta. Sufuria na waya vilikuwa vimemaliza kila mstari.

"Makori," nikasema, "usishike jiwe, usishike jembe, usishike sufuria, usifue. Paka mafuta, na ukae."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ngozi irudi."

Akageuka polepole. Kerubo alikuwa anapita na wenzake wa zamu, amevaa kofia nyeupe na dasti koti ya kiwanda. Wakatazamana.

"Usiniangalie mimi," Kerubo akasema. "Mimi niko kazini."

Vidole vya Makori vilirudi, na kazi aliipata. Ndiye mtu wa mwisho niliyemwajiri. Nani aliosha sufuria zile wakati anangoja, sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha nani anaruhusiwa kufanya kazi. Nani anaifanya ni mambo ya nyumba ya mtu, ingawa siku moja nikipita kwa Makori nilimwona mama yake ameshuka, amekalia kile kigoda, anaelekeza wajukuu kwa fimbo, na sauti ya waya ilikuwa inatoka jikoni.